Kutoka Kariokor Hadi Kariakoo: Laini Yako Ikivuka Mpaka

Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zina jina moja. Yote mawili yanatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwakusanya wawabebee jeshi mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Siku hizi wanaobeba mizigo kati ya sehemu hizi mbili ni wafanyabiashara. Anayeuza viondo, shanga na viatu vya ngozi pale soko la Kariokor hupanda basi, akavuka Namanga, akapitia Arusha na Moshi mpaka Dar. Huko anauza alichobeba, kisha anarudi na vitenge.

Zamani pesa za stoki zilifungwa kwenye leso na kufichwa kiunoni. Leo ziko kwenye simu. Sasa fikiria umefika upande wa pili wa mpaka, simu inaandika "Hakuna huduma", na pesa zote za mzigo ziko ndani yake. Kastoma wa Nairobi amekutumia deposit na huoni ujumbe. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo na huwezi kumtumia. Hapo hujapoteza simu tu. Umefungiwa nje ya duka lako mwenyewe.

Jambo hili linazuilika, na kwa kazi ya dakika chache kabla ya safari. Ebu tulipitie hatua kwa hatua.

Simu hufanya nini ukivuka mpaka

Ndani ya laini yako kuna nambari ndefu ambayo huioni. Tarakimu tatu za kwanza zinaonyesha nchi: laini ya Kenya huanza na 639, ya Tanzania 640, ya Uganda 641. Zinazofuata zinaonyesha kampuni.

Ukitoka Namanga kuelekea Arusha, minara ya Kenya inafifia na simu inaanza kutafuta mwingine. Mnara wa Tanzania unaposoma 639 unajua kwamba huyu ni mgeni. Kampuni yake inaiuliza kampuni yako ya Nairobi: huyu ni wenu? Ana ruhusa ya kutumia mtandao wa ugenini? Nairobi ikijibu ndiyo, unapata netiweki. Ikijibu hapana, au kama kampuni hizo mbili hazina mkataba, simu yako inabaki bila kazi.

Huduma hiyo ndiyo inaitwa romingi. Kuna mambo mawili ya kukumbuka hapo. Kwanza, ruhusa inatoka nyumbani, kwa hiyo ni rahisi kuiwasha ukiwa bado Nairobi kuliko ukiwa umekwama Arusha. Pili, sasa kampuni mbili zinakuhudumia kwa wakati mmoja, na zote mbili zinataka kulipwa. Ndiyo maana bei hupanda.

Kwa nini Kampala si sawa na Dar

Afrika Mashariki ina historia nzuri katika jambo hili. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel, ambayo baadaye ilikuwa Zain na kisha Airtel, iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja wake aliyevuka mpaka angeweza kupokea simu bila kulipia. Wakati huo, sehemu nyingi za dunia zilikuwa bado zinatoza wasafiri hata kwa kupokea simu.

Halafu serikali zikaingia. Kuanzia mwishoni mwa 2014 na kuingia 2015, Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilianza mpango wa mtandao mmoja. Kupokea simu ukiwa katika nchi mwenzako kukawa bure, na bei ya kupiga ikawekewa kikomo. Lakini mpango huo ulianza na simu za sauti. Data ni mambo mengine kabisa. Na Tanzania haikuwa kati ya nchi zilizoanza.

Kwa hiyo jirani yako wa soko aliyetoka Kampala akikwambia "romingi siku hizi ni bei ya kawaida", usichukue hesabu zake ukaenda nazo Dar. Uliza kampuni yako bei ya nchi unayokwenda, na uulize vitu vinne kando kando: kupiga, kupokea, SMS na data. Mtu akikujibu "ni bei nafuu tu", bado hajakujibu.

Hata huko mbali kosa la aina hii lipo. Umoja wa Ulaya uliondoa malipo ya ziada ya romingi kati ya nchi wanachama tarehe 15 Juni 2017. Lakini hiyo ni kwa laini za huko. Ukienda Ujerumani na laini ya Kenya, sheria hiyo haikuhusu.

Gawanya kazi: laini ya nyumbani ni ya pesa, laini ya mwenyeji ni ya maneno

Hili ndilo jambo kubwa tunalotaka ubebe. Wasafiri wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna anayetumia laini ya Kenya kwa kila kitu, na kredo inaisha kabla hajafika Moshi. Kuna mwingine anayeitoa laini ya Kenya, anaitia kwenye pochi na kuweka ya Tanzania. Huyu wa pili ameokoa kredo, lakini ameizima pochi yake.

Laini yako ya nyumbani ndiyo inayopokea pesa. Ndiyo inayopokea ujumbe wa benki wenye msimbo wa kuthibitisha. Ndiyo kastoma wanayoijua. Iache ndani ya simu, iwe hewani, lakini ifanye kazi ndogo: kupokea SMS na kufungua menyu ya pesa. SMS inayoingia kwa kawaida haitozwi. Na menyu ya pesa iliyo kwenye laini haihitaji intaneti. Inapita kwenye mtandao wa simu wa kawaida, mradi romingi imewashwa.

Kupiga simu za huko, kupatana bei na kutuma picha za mzigo WhatsApp, hayo yafanye kwa laini ya mwenyeji yenye bando la huko. Kama simu yako ni ya laini mbili, kazi imekwisha. Kama ni ya laini moja, beba ile kabambe ya zamani iliyo kwenye droo. Inatosha kabisa kushikilia laini ya Nairobi.

Kabla ya kupanda basi

Fanya haya ukiwa bado Kariokor, ambako ukikwama unaweza kutembea mpaka dukani kwa wahudumu:

1. Washa romingi na uhakikishe imekubali. Kwenye simu kuna swichi ya romingi ya data peke yake. Hiyo iache imezimwa.

2. Weka kredo ya kawaida kwenye laini, si bando la nyumbani tu. Bando la dakika na data ulilonunua Nairobi kwa kawaida halifanyi kazi ugenini. Utaona una gigabaiti 2 zimekaa pale, na bado unakatwa kredo.

3. Jaribu nambari yako ya siri. Kuna mtu ambaye kwa mwezi mzima amekuwa akipokea pesa tu, halafu anafika Dar akiwa ameisahau.

4. Andika nambari tatu kwenye karatasi: ya mtu wa nyumbani, ya kastoma au mwenyeji wako huko, na ya huduma kwa wateja inayopigwa kutoka nje ya nchi. Zile nambari fupi za huduma mara nyingi hazishiki ukiwa nje.

5. Hifadhi majina yote kwa mtindo wa +254. Ukiwa Dar, ukipiga 07 na kuendelea, simu inatafuta mtu wa Tanzania. Msimbo wa Tanzania ni +255, na wa Uganda +256.

6. Usiweke pesa zote mahali pamoja. Kiasi fulani kikae kwenye simu, kiasi mkononi, na kiasi kwa mtu wa nyumbani unayemwamini, anayeweza kukutumia mambo yakiharibika.

Namanga: zima data kabla mnara haujabadilika

Kutoka Nairobi mpaka Namanga ni kilomita 160 hivi. Tangu 2018 kuna kituo kimoja cha mpakani ambapo maafisa wa nchi zote mbili wanakuhudumia, kwa hiyo foleni si kama ya zamani. Lakini simu haingoji muhuri wa pasipoti. Inaweza kushika mnara wa Tanzania ukiwa bado umekaa upande wa Kenya unakunywa chai.

Vilevile hutokea Taveta, Lunga Lunga na Busia. Wakazi wa huko wanajua: unapiga simu ya nyumba ya pili, na unakatwa kama uko nchi nyingine. Ukiwa karibu na mpaka na hujavuka, ingia kwenye mipangilio ya simu, ondoa uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, na uchague mwenyewe kampuni yako ya Kenya. Ukishavuka, rudisha kama ilivyokuwa.

Muhimu zaidi ni data. Simu ya kisasa haitulii. Hata ikiwa mfukoni inasasisha programu, inapakua video za makundi ya WhatsApp, inahifadhi picha. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme romingi inatozwa shilingi 5 kwa megabaiti moja. Kundi la familia likituma video tatu za megabaiti 20 kila moja, hizo ni megabaiti 60, na shilingi 300 zimekwenda. Hukupiga simu hata moja. Na kredo ikiisha, huna hata ya kumpigia mwenyeji wako.

Kwa hiyo zima data ya laini ya Kenya kabla ya kufika mpakani. Kama simu ni ya laini mbili, angalia pia ile sehemu inayoruhusu simu kuhamia data ya laini ya pili yenyewe netiweki ikiwa dhaifu. Izime.

Kununua laini ya huko

Nenda duka rasmi la kampuni ya simu, au kwa wakala aliyesajiliwa, ukiwa na pasipoti. Tangu 2019 Tanzania imekuwa ikisajili laini kwa alama za vidole, kwa hiyo lazima uwepo mwenyewe.

Mpakani utakutana na kijana mwenye laini mkononi zilizokwisha kusajiliwa. "Mama, hii iko tayari, weka tu." Usiichukue. Laini hiyo ina jina la mtu mwingine. Yeye anaweza kwenda dukani kesho akasema imepotea, apewe nyingine yenye nambari ileile, na pesa utakazokuwa umepokea humo ziwe zake. Pia nambari ikiwa imewahi kutumika kwa utapeli, wewe ndiye utakayeshikwa nayo.

Ukiweka laini mpya, WhatsApp inaweza kukuuliza kama unataka kubadilisha nambari. Kataa. Itaendelea kufanya kazi na nambari yako ya Kenya huku ikitumia bando la Tanzania, na kastoma wako hawatajua hata kama umesafiri.

Sokoni Kariakoo: hesabu sifuri

"Kaka, hiki kitenge ni ngapi?"

"Elfu hamsini tu, dada."

Usishtuke, na usilipe haraka. Elfu hamsini ya Dar si elfu hamsini ya Nairobi. Shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa shilingi nyingi za Tanzania, na kiwango kinabadilika. Unapotuma pesa kutoka laini ya Kenya kwenda laini ya Tanzania, mfumo unabadilisha wenyewe na kukuonyesha kiwango, ada na kiasi atakachopokea mwenzako. Soma zote tatu kabla ya kuweka nambari ya siri. Jambo la kuangalia zaidi ni hili: ile nafasi ya kuandika kiasi, inataka shilingi za Kenya au za Tanzania? Ukichanganya hapo, unaweza kumtumia mtu mara nyingi zaidi ya deni lake.

Hakikisha pia jina. Muulize muuzaji nambari yake imesajiliwa kwa jina gani, kisha ulinganishe na linalotokea kwenye simu. Pesa zikishavuka mpaka na kumfikia mtu asiye sahihi, kuzirudisha ni kazi ndefu kuliko za nyumbani, kwa sababu kampuni mbili na nchi mbili zinahusika.

Na usitegemee kutoa pesa taslimu kwa wakala wa Dar kwa laini ya Kenya. Kwa kawaida wakala huyo yuko kwenye mfumo wa nchi yake. Njia rahisi ni kujitumia: toa kwenye laini yako ya Kenya, tuma kwenye laini yako ya Tanzania iliyosajiliwa kwa jina lako, kisha utoe hapo. Jaribu kwanza na kiasi kidogo, shilingi mia mbili hivi. Zikifika, tuma zilizobaki.

Matapeli wanapenda mgeni

Mtu aliye safarini ana haraka, amechoka, na hajui mambo ya huko. Tapeli anajua hilo. Haya ndiyo maneno utakayosikia:

"Romingi yako imefungwa, tupe nambari ya siri tuifungue." Hakuna kampuni ya pesa inayohitaji nambari yako ya siri ili ikuhudumie. Sisi hatutakuuliza. Kata simu.

"Nimetuma pesa kimakosa kwenye laini yako, nirudishie." Angalia salio lako kwenye menyu, si kwenye SMS. SMS ya uongo huandikwa na yeyote. Kama pesa zimeingia kweli, waachie huduma kwa wateja wazirudishe.

"Nisaidie, niweke laini yangu kwenye simu yako dakika moja." Pole kwake, lakini laini yako isitoke kwenye simu. Dakika moja inatosha kubadilishana laini mbili zinazofanana.

Kuna nyingine inayowalenga walio nyumbani. Tapeli anampigia mama yako Nairobi: "Mwanao amekamatwa mpakani, tuma pesa sasa hivi." Kabla hujaondoka, kubalianeni neno moja ambalo mnalijua nyinyi tu. Anayeomba pesa bila neno hilo, asitumiwe.

Simu ikipotea

Tafuta simu ya kuazima na karatasi yako ya nambari. Piga kwanza huduma kwa wateja ya Kenya, laini ifungwe, kisha mtu wa nyumbani, asije akatuma pesa kwenye nambari hiyo. Laini mpya huenda ukalazimika kuichukua ukirudi, mwenyewe, na kitambulisho mkononi. Ndiyo maana tulisema usiweke pesa zote mahali pamoja.

Weka pia nambari ya siri kwenye laini yenyewe, si kwenye skrini ya simu tu. Mwizi akiihamishia laini kwenye simu nyingine, ataulizwa. Akikosea mara tatu, laini inajifunga na kudai msimbo mrefu wa PUK. Kwa dharura ya maisha, 112 hupigika kutoka karibu simu yoyote na katika nchi nyingi.

Anayekwenda miaka miwili

Si kila safari ni ya Dar na kurudi wiki ijayo. Wengi wa mitaa ya Eastlands wana dada au kaka aliyekwenda kufanya kazi Saudi Arabia, Qatar au Oman kwa mkataba. Laini ya Kenya ikaachwa kwenye kabati.

Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na nambari yake inaweza kupewa mtu mwingine. Siku hiyo, ujumbe wa benki unaenda kwa mgeni. Pesa zilizolala bila kuguswa nazo, kisheria zinaweza kupelekwa UFAA, ile mamlaka ya serikali inayotunza mali ya kifedha isiyodaiwa. Hazijapotea, lakini kuzidai ni fomu na safari.

Kwa hiyo kabla dada hajapanda ndege: uliza kampuni laini inaweza kukaa muda gani bila kutumika. Aende nayo na kuiwasha mara kwa mara, anunue kredo kidogo au afanye muamala mdogo. Asiiache kwa mtu pamoja na nambari ya siri, hata kama ni mtu wa damu. Akitaka kusaidia nyumbani, atume kwa nambari ya anayesaidiwa. Na kama hataihitaji tena laini hiyo, atoe pesa zote na aende benki abadilishe nambari kabla ya kuondoka.

Kabla hujafunga mzigo

Kama una safari mwezi huu, fanya jaribio moja leo jioni. Zima data kwenye simu yako, kisha fungua menyu ya pesa uangalie salio. Ikifunguka, umejua kwamba huhitaji intaneti kufikia pesa zako. Halafu piga simu huduma kwa wateja, uwaulize romingi ya nchi unayokwenda imewashwa au la, na bei zake nne ni ngapi. Ziandike kwenye ile karatasi, chini ya nambari tatu, na karatasi usiiweke mfuko mmoja na simu.

Safari njema, na mauzo mema.